Kipimo cha radoni kwenye bomba la hewa la mgodi wa urani: dalili, chanzo na pa kuanzia kutafuta

Mashine nyingi za kupima radoni (gesi yenye mionzi inayotoka kwenye mwamba wenye urani) zinazofikishwa kwa fundi kwa madai kwamba "imekufa" ni nzima. Hewa iliyoingia ndani yake haikuwa hewa ya mgodi, au ilikuwa ya mgodi lakini aliyeandika namba hakujua feni ilikuwa ikifanya nini saa ile. Ndiyo maana hapa sianzi na skrini wala bodi ya umeme. Naanza kwenye bomba la kutolea hewa, nafuata mpira hadi kwenye mashine, na mashine yenyewe naifungua mwisho kabisa.

Tanzania hatujawa na mgodi wa urani wa chini ya ardhi. Mradi wa Mto Mkuju kule Namtumbo haukupangwa kwa mahandaki. Migodi ya aina hiyo ni kama Cigar Lake na McArthur River za Kanada, au Akouta ya Niger iliyofungwa 2021. Lakini vijana wanaojifunza vipimo hapa Arusha hupata mikataba ya nje, na mashine hizohizo hufaa kwenye mashimo marefu ya Mirerani au kwenye ghala la fosfeti. Makosa ni yaleyale, isipokuwa mgodi wa urani huyakuza.

Kabla ya dalili yoyote, liweke hili kichwani. Kinachotafutwa ni radoni inayotoka mgodini kwa kila sekunde, na hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: wingi wa radoni ndani ya hewa na mtiririko wa hewa yenyewe. Bekereli moja ni atomu moja inayooza kwa sekunde. Hewa yenye bekereli 5,000 kwa mita ya ujazo, ikitoka mita za ujazo 40 kwa sekunde, ni bekereli 200,000 kwa sekunde, yaani kama bilioni 17 kwa siku. Kanuni ya Marekani ya 1989 kwa migodi ya urani ya chini ya ardhi haijaweka ukomo kwenye namba ya skrini. Ukomo wake ni dozi, yaani mionzi inayoupata mwili wa mwananchi anayeishi jirani, milisiveti 0.1 kwa mwaka, na dozi hiyo hukokotolewa kuanzia kwenye zao la namba hizo mbili. Watu huhangaika mwezi mzima na namba ya kwanza, ya pili wakaiazima kwenye kibandiko cha feni.

Mashine inasoma sifuri, au namba ndogo isiyoingia akilini

Uliza kwanza mpira umechomekwa upande gani wa feni. Kabla ya feni, hewa ya bomba inavutwa, na presha yake iko chini kuliko ya nje. Pampu ndogo ya mashine haina ubavu wa kushindana na feni ya mgodi. Hapo moja kati ya mambo mawili hutokea: pampu inazidiwa na hewa inasimama ndani ya mpira, au panapotokea upenyo wowote hewa ya nje inaingia na kuipunguza makali sampuli. Dalili yake haijifichi: feni ikiwaka kipimo kinaanguka, feni ikizimwa kipimo kinarudi. Ukiona hivyo usiguse mashine. Hamishia tundu la sampuli upande wa baada ya feni, au rudisha hewa iliyokwisha kupimwa ndani ya bomba lilelile ili pampu ivute na kusukuma kwenye presha moja.

Kama tundu liko mahali pake, bana mpira kwa vidole karibu kabisa na bomba la mgodi. Sauti ya pampu lazima ibadilike na kipira cha mita ya mtiririko kishuke. Kisiposhuka, mashine inavuta hewa kutoka kwingine, na mara nyingi ni pale mpira unapoungana na chupa ya kukaushia, maana mfuniko wake ukifungwa upande haupigi kelele yoyote. Sogea ukibana kipande kwa kipande hadi uone kipira kinashuka. Upenyo uko kati ya hapo na pale ulipobana mara ya mwisho. Povu la sabuni halisaidii upande unaovuta. Tumia moshi wa udi, utauona ukinyonywa.

Kipo pia kisa cha kusikitisha zaidi, cha kifuniko cha usafirishaji kilichosahaulika kwenye mdomo wa mashine. Kiangalie, kisha tuendelee.

Namba zinashuka polepole wiki baada ya wiki, na mgodi haujabadilika

Hapa washukiwa ni wawili, filta na maji.

Filta ya kwenye mdomo ina kazi mbili: kuzuia vumbi la madini na kuzuia vizalia vya radoni, yaani atomu zinazozaliwa radoni inapooza, vilivyoning'inia hewani, ili mashine ipime gesi peke yake. Kwenye mgodi unaotumia mashine za dizeli masizi huijaza haraka. Mtiririko unapungua kidogo kidogo, na hakuna anayeona kwa sababu hakuna anayeandika mtiririko kila siku. Ukibadilisha filta na namba ikaruka juu siku hiyohiyo, umepata jibu, lakini umepata na kazi: data za wiki zilizopita zina kasoro inayokua, na inabidi zisahihishwe au ziwekewe alama ya kutoaminika.

Maji ni mkosaji mkubwa zaidi, hasa kwa mashine zenye kihisio cha silikoni. Ndani ya chumba chake kuna umeme wa volti nyingi. Radoni ikioza inazaliwa poloniamu-218, ambayo huzaliwa ikiwa na chaji chanya, na umeme ule huivutia juu ya kihisio. Hewa ikiwa na unyevu, molekuli za maji huiondolea chaji kabla haijafika, nayo inapotelea ukutani. Gesi ipo, kipimo hakipo. Unyevu ndani ya chumba uwe chini ya asilimia 10, wakati hewa inayotoka mgodini karibu kila mara imeshiba maji.

Chembechembe za kukaushia zikigeuka kutoka bluu kuwa waridi zimechoka. Za silika hukaushwa upya kwa nyuzi 120 hivi, za salfeti ya kalsiamu zinahitaji zaidi ya 200. Usizikaushe kwenye oveni ya kupikia: hiyo bluu ni kobalti, na ni sumu.

Lakini kukausha tu hakutoshi kama mpira unajaa maji. Hewa ya mgodini ni ya joto. Asubuhi ya Juni au Julai, baridi ya Arusha unaijua, mvuke utageuka matone ndani ya mpira kabla haujafika kwenye chupa ya kukaushia. Tone moja likikaa kwenye kona ya mpira linatosha kuziba mtiririko. Weka chupa ya kunasia maji mahali pa chini kuliko pote, mpira uteremke kuelekea kwenye chupa hiyo bila tumbo wala kona, na ufungie sponji au blanketi sehemu iliyo nje. Mashine zenye chemba ya ayoni, zinazopima umeme ambao mionzi huuzalisha ndani ya hewa, huvumilia unyevu vizuri zaidi, ila nazo hazipendi matone. Kama kazi yako yote iko kwenye bomba lenye unyevu na bado hujanunua mashine, anzia hapo kwenye kuchagua.

Namba hazishuki hata ukiiweka mashine kwenye hewa safi

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu saa ya ukutani peke yake inakupa jibu. Toa mashine mgodini, ipeleke nje, ipitishie hewa ya wazi ya mchana au naitrojeni kutoka kwa wauza gesi za kuchomelea. Kisha andika namba kila nusu saa na utazame inavyoshuka.

Ikishuka kwa nusu kila baada ya dakika thelathini au arobaini hivi, hakuna ubaya wowote. Hivyo ni vizalia vya radoni vilivyobaki kwenye kihisio: risasi-214 yenye nusumaisha (muda wa nusu yake kuoza) ya dakika 27 na bismathi-214 yenye dakika 20. Ndani ya saa tatu vimekwisha. Fundi aliyetoa mashine kwenye bomba la bekereli elfu kumi na kuiingiza ofisini papo hapo atadhani ofisi yake ni machimbo.

Ikishuka kwa nusu baada ya saa kumi na kidogo, na kesho yake bado ipo, hiyo ni thoroni, ndugu ya radoni inayotokana na thoriamu. Thoroni yenyewe hufa upesi, nusumaisha yake haifiki dakika moja, lakini inaacha risasi-212 ambayo nusumaisha yake ni saa 10.6. Maana yake mwamba wako una thoriamu pamoja na urani, na kipimo chako cha radoni kilikuwa na wageni muda wote. Dawa yake ni kuichelewesha hewa njiani. Pampu ikivuta lita moja kwa dakika, mpira wa milimita 6 wenye urefu wa mita 10 unachelewesha sekunde 17 tu, hautoshi. Ongeza chombo cha lita tano kati ya bomba na mashine: hewa inachukua dakika tano hivi kupita, sehemu kubwa ya thoroni inafia njiani, na radoni, ambayo nusumaisha yake ni siku 3.8, haipungui kiasi cha kuonekana. Dumu safi la maji ya kunywa linafaa, mradi mfuniko wake haupumui.

Ikishuka kidogo halafu ikakataa kabisa, siku nenda siku rudi, kuna uchafu wa kudumu. Ama vumbi lenye radiamu limepita filta na kuingia chumbani, ama risasi-210 imejikusanya juu ya kihisio. Hiyo nusumaisha yake ni miaka 22, na inazaa poloniamu-210 inayotoa chembe yake mwenyewe ya alfa, ile aina ya mionzi ambayo mashine hizi huihesabu. Mashine inayotenganisha alfa kwa nishati itaiona kwenye megaelektronivolti 5.3 na kuiacha pembeni, kwa sababu poloniamu-218 iko kwenye 6.0. Seli ya sintilesheni, chupa ndogo ambayo kuta zake humweka alfa ikizigonga, inahesabu kila mmweko na haitofautishi. Pima msingi wa kila seli, yaani hesabu yake ikiwa na hewa safi, kabla ya kila kazi, uandike kwenye seli yenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, na msingi ukishapanda kiasi cha kuharibu vipimo vidogo, seli hiyo iachie kazi za kwenye hewa yenye radoni nyingi tu.

Usisahau mpira. Mpira wa silikoni hunyonya radoni na kuitema polepole. Mashine itakuwa safi na mpira ndio unaoichafua. Jaribu na mpira mpya kabla hujafungua skrubu.

Na mahali pa kupimia huo msingi pawe pa maana. Chumba cha chini chenye madirisha yaliyofungwa usiku kucha si hewa safi. Stoo yenye mifuko ya mbolea ya fosfeti pia siyo: mwamba wa fosfeti una urani na radiamu, na wa Minjingu, huko kando ya Ziwa Manyara, unajulikana kwa hilo. Toka nje kati ya saa sita na saa tisa mchana, jua likiwa limeichanganya hewa, uiweke mashine juu ya meza, mbali na ukuta wa udongo.

Kipimo kinapanda na kushuka kila siku kwa saa zilezile

Chora siku tatu au nne kwenye karatasi moja kabla ya kusema neno.

Kwenye ukanda wetu wa tropiki mgandamizo wa hewa una mwendo wake wa kila siku: kilele kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, bonde kama saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ni hektopaskali chache tu, lakini hurudi kila siku kama adhana. Mgandamizo unaposhuka, hewa iliyokaa kwenye nyufa za mwamba na kwenye mahandaki ya zamani yaliyofungwa inatoka kuja kwenye njia za hewa, na imebeba radoni iliyojikusanya kwa siku nyingi. Ukiona kipimo kinapanda kuanzia mchana mgandamizo ukiteremka, na kupoa usiku unapopanda tena, tafuta ukuta wa kuzibia handaki la zamani unaovuja. Mashine ni nzima, na imekuonyesha jambo ambalo meneja wa mgodi angependa kulijua.

Kama kupanda na kushuka kunafuata zamu za kazi, chanzo ni ulipuaji na upakiaji: mwamba ukivunjwa unaachia gesi iliyokuwa imefungiwa ndani.

Kisha kuna kosa letu wenyewe, ambalo mgeni hawezi kulibuni. Mwangalizi wa feni anaandika kwenye daftari "feni ilizimwa saa 4", yaani saa nne asubuhi. Mashine imeandika 10:00. Anayejaza jedwali la kompyuta anaingiza 4:00. Matokeo yake feni inaonekana ilizimwa alfajiri na radoni ikabadilika saa sita baadaye, na mtu anaandika ripoti ndefu kueleza kwa nini mgodi huu unachelewa kuitikia. Tofauti ya saa sita kamili isikutese: ni daftari. Tofauti ya saa tatu kamili ni mashine iliyoachwa kwenye saa ya dunia badala ya saa ya Afrika Mashariki. Kubaliana na wenzako mapema kuandika kwa mtindo wa saa ishirini na nne, na siku ya kwanza simama mbele ya mashine mkilinganisha dakika.

Umeme ukikatika, mashine nyingine hurudi na saa ya kiwandani. Betri ndogo ya saa ndani yake ni ya bei ya soda, badilisha tu.

Tumeongeza feni, radoni imeshuka nusu, lakini jumla inayotoka iko palepale

Na itabaki palepale. Ukiongeza maji kwenye mchuzi, chumvi haijapungua sufuriani. Feni ya pili imeongeza hewa, mwamba unatoa radoni ileile, kwa hiyo wingi kwa mita ya ujazo umeshuka na mtiririko umepanda. Wachimbaji wamefaidika, na hilo ndilo lengo la feni. Jirani aliye nje ya uzio hajafaidika.

Wakati mwingine jumla inapanda kabisa, na hapo ndipo lawama zinaanza kurushiwa mashine. Feni inayovuta hushusha presha ndani ya mgodi wote, hivyo inanyonya gesi kutoka kwenye nyufa ambazo zamani zilikuwa zimetulia. Feni inayosukuma hewa safi ndani hufanya kinyume chake. Kama waliongeza nguvu ya kuvuta, ongezeko la jumla linaweza kuwa la kweli.

Lakini kabla ya kulikubali, kagua mtiririko, maana nusu ya migogoro ya aina hii huishia hapo. Aliyepima kasi ya hewa katikati ya bomba peke yake amepata namba kubwa mno. Kwenye bomba la duara wastani huwa kama asilimia 80 ya kasi ya katikati. Pima kwenye vituo kadhaa kuvuka bomba, kwa njia mbili zinazokatana. Aliyepima karibu na kona au karibu na feni amepima hewa inayozunguka. Kanuni inayotumika sana ni kukaa umbali wa vipenyo nane baada ya kizuizi chochote na vipenyo viwili kabla ya kingine. Migodini nafasi hiyo huipati kirahisi, basi ongeza vituo vya kupimia na uandike ulipima wapi.

Halafu kuna mwinuko, ambao vitabu vya pwani havikukumbushi. Bomba la pito, kijibomba kinachoelekezwa kwenye mkondo wa hewa, hupima presha, na kasi ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya presha hiyo ikigawanywa kwa uzito wa hewa. Vitabu hutumia kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Hapa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, hewa ni kama kilo 1.02. Ukitumia 1.2 kasi yako itakuwa pungufu kwa karibu asilimia 8. Moshi, kwa kuwa iko chini zaidi, kosa ni kama asilimia 6. Mita nyingi za kisasa zina sehemu ya kuingiza mwinuko, nayo imebaki sifuri tangu ilipotoka kwenye boksi. Iangalie leo. Mwinuko unagusa pia vipimo vya elektreti, diski zenye chaji inayopunguzwa na ayoni za hewa, maana hewa nyepesi hutoa ayoni pungufu, na watengenezaji hutoa jedwali la kusahihisha.

Kosa la kindugu na hilo: mtiririko umeandikwa kwa mita za ujazo "za kawaida", yaani zilizogeuzwa kuwa za usawa wa bahari, na radoni imeandikwa kwa mita za ujazo halisi za pale pale. Ukizidisha umechanganya mbuzi na kondoo. Tofauti kwenye mwinuko wetu ni kama asilimia 15, na haionekani popote isipokuwa kwenye maandishi madogo ya ripoti.

Vigunduzi vya kuning'iniza vinatoa namba kubwa kuliko mashine

Kigunduzi cha nyayo za alfa, kipande cha plastiki ambacho kila alfa huacha alama juu yake, hukusanya kila kitu tangu siku kilipofunguliwa. Hakijui feni ilizimwa lini. Chukua mfano: feni inafanya kazi saa 20 kwa siku, hewa ikiwa na bekereli 3,000, kwa saa 4 imezimwa, na hewa iliyolala kwenye bomba inafika 20,000. Wastani wa kigunduzi ni karibu 5,800. Ukizidisha kwa mita za ujazo 40 unapata bekereli 233,000 kwa sekunde. Kumbe hewa iliyotoka kwa nguvu ya feni ilibeba 120,000 kwa sekunde, tena kwa saa 20 tu, sawa na wastani wa 100,000. Kigunduzi hakikudanganya, aliyezidisha ndiye aliyeunganisha radoni ya wakati wa feni kuzimwa na mtiririko wa wakati wa feni kuwaka. Zidisha saa kwa saa, kisha jumlisha.

Kinyume chake nacho hutokea. Mpimaji anafika asubuhi ya Jumatatu, anangoja feni izunguke saa moja ili "hali itulie", ndipo anapima. Kile kishindo cha kwanza cha gesi iliyojikusanya tangu Jumamosi kimeshatoka zamani. Na mtu akikutuma ushuke kukifuata kisima cha hewa feni ikiwa imezimwa, kataa: kinachokungoja kule si radoni peke yake, na hewa isiyo na oksijeni haina harufu.

Kigunduzi kikiachwa miezi mitatu kwenye bomba la bekereli elfu kadhaa hujaa. Nyayo hulaliana na msomaji huziona chache kuliko zilizopo. Namba ikionekana ndogo mno kwa bomba unalojua lina radoni nyingi, punguza muda hadi wiki. Kopo za makaa zisahau kabisa kwa bomba la hewa: maji hukalia nafasi za radoni.

Siku zote tuma na vigunduzi viwili ambavyo havikufunguliwa, kwenye mifuko yao ya alumini, vikasafiri pamoja na vingine kwenda na kurudi. Vikirudi na nyayo, zitoe kwenye wenzao.

Sampuli za chupa zinasoma chini kuliko mashine iliyokuwa palepale

Tazama tiketi ya basi. Radoni hupoteza karibu asilimia 17 kwa siku. Seli iliyojazwa Namtumbo ikapitia Songea na kufika Arusha baada ya siku mbili imebaki na asilimia 70 tu. Andika saa ya kuchukua sampuli na saa ya kuhesabu, usahihishe. Upande wa pili, seli iliyohesabiwa mara tu baada ya kujazwa nayo husoma chini, kwa kuwa vizalia havijafikia uwiano na radoni. Ngoja saa tatu.

Mashine mbili, bomba moja, namba mbili

Gawanya moja kwa nyingine. Ukipata 37, moja inasoma pikokiri kwa lita na nyingine bekereli kwa mita ya ujazo. Ukipata tofauti ya asilimia kumi au kumi na tano, tazama kwanza mashine zimehesabu alfa ngapi: hesabu ya 25 ina wasiwasi wa asilimia 20, hesabu ya 100 asilimia 10. Ongeza muda wa kila kipimo kabla ya kuanza ugomvi. Tofauti ikibaki baada ya hapo, na ikabaki ileile mkibadilishana mipira, sasa ndipo ni halali kuisema mashine. Angalia cheti cha mwisho cha kalibresheni. Kikiwa kimepita mwaka, ulizia kwenye Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara pale Njiro, namna ya kuipeleka.

Hewa inayoingia mgodini nayo ina radoni

Nje, hewa ya kawaida huwa na bekereli 5 hadi 15 kwa mita ya ujazo. Kwenye mdomo wa kuingizia hewa ukikuta mamia, hasa kati ya usiku wa manane na alfajiri, mgodi unakunywa pumzi yake wenyewe. Usiku ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa nzito na haipandi. Mkazi wa mteremko wa Moshi anaijua ile hewa baridi inayoteremka kutoka mlimani baada ya jua kuzama. Hewa iliyotoka bombani inatambaa chini na kurudi kuingilia mlango wa pili. Mchana, upepo ukianza, tatizo linatoweka, na mpimaji wa saa za ofisi hatalikuta.

Acha mashine kwenye mdomo wa kuingizia kwa siku kadhaa mfululizo, ukiandika na mwelekeo wa upepo. Ikithibitika, bomba la kutolea liinuliwe au lielekezwe juu, na lisikae upande ule ambao upepo wa usiku unatokea. Kwenye hesabu ya kila mwezi, toa radoni iliyoingia kwenye radoni iliyotoka, zikiwa zimepimwa saa ileile, kila moja kwa mtiririko wake. Usipoitoa, sehemu ya gesi ileile itahesabiwa kila inapopita.